Ringi ya chuma ina umri wake

Magari ninayoyatengeneza yamenizidi umri. Ni Sprite, Midget, MGB, Triumph Spitfire, mara mojamoja Lotus: magari madogo ya michezo yaliyotoka viwandani Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na wenyewe hawayafuniki shuka. Wanayapeleka kushindana wikiendi, kwenye viwanja vya Mallory Park, Castle Combe, Silverstone, au kupanda kilima cha Prescott kule Gloucestershire, na wanayakimbiza kwa nguvu ambazo walioyaunda hawakuzipigia hesabu. Gereji yetu iko Midlands, katikati ya Uingereza. Mimi ni mtu wa Tanga. Ufundi niliuanzia kwa baba yangu mdogo, kwenye Peugeot 404 na Land Rover za mashamba ya mkonge. Kwetu ringi ya chuma inapinda kwenye shimo, inagongwa nyundo, inarudi barabarani. Huku zinapasuka bila kugonga kitu.

Hilo ndilo la kulielewa kwanza, maana ukilikosa hutazuia chochote. Mteja akionyeshwa ufa kwenye ringi yake, swali lake ni "nimegonga wapi?" Mara nyingi hakugonga popote. Ringi ya chuma ni vipande viwili: sahani ya katikati yenye matundu ya stadi, zile bolti zinazochomoza kupokea nati, na pete ya nje inayobeba tairi. Vimeunganishwa kwa kuchomelewa, na zile za zamani zaidi kwa ribiti. Gari likiingia kwenye kona, uzito unaelemea magurudumu ya upande wa nje, na lami inalivuta tairi pembeni pale chini linapogusa. Mvuto huo unataka kuikunja sahani juu ya habu, yaani kitovu ambacho ringi inafungwa juu yake. Gurudumu likizunguka nusu, sehemu ya sahani iliyokuwa chini iko juu, na mkunjo wake umegeukia upande wa pili. Chukua waya wa kufungia nondo uukunje huku na huku. Mkono wako hauna nguvu ya kuukata, ila ukiurudiarudia unakatika wenyewe.

Tairi la inchi 13 la gari kama Sprite linazunguka karibu mara 550 kwa kila kilomita. Kilomita 1,000 ni zaidi ya mizunguko nusu milioni, na kwenye uwanja wa mashindano sehemu kubwa ya mizunguko hiyo iko kwenye kona. Watu wa reli waliligundua jambo hili zamani. August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alipima ekseli za mabehewa miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba chuma kinachoubeba mzigo fulani bila shida ukiwekwa mara moja, kinakatika kwa mzigo mdogo kuliko huo ukigeuzwageuzwa mara nyingi za kutosha. Wahandisi wanaliita jambo hili kuchoka kwa chuma. Chuma kilichochoka hakipindi kwanza kikakupa taarifa. Kinaanza na ufa mdogo kuliko unywele, unatembea kidogo kidogo msimu mzima, na siku nyama iliyobaki haitoshi kubeba mzigo, sahani inaachana na pete.

Sasa weka gari lenyewe kwenye hesabu hiyo. Sprite ya kwanza, ya mwaka 1958, ilitoka kiwanda cha Abingdon na injini ya cc 948 yenye nguvu farasi 43. Ringi zilikuwa za inchi 13 kwa upana wa inchi tatu na nusu, na matairi membamba ya nyuzi za kukingamana, ya saizi 5.20, ambayo yalianza kuteleza mapema. Kule kuteleza ndiko kulikoilinda ringi: tairi lisiloshika haliwezi kuikunja sahani kupita kiasi. Leo gari hilohilo linakuja kwetu na injini ya cc 1275 iliyopikwa hadi kuvuka farasi 100, springi ngumu, na matairi ya mashindano yanayoshika kwa nguvu inayolingana na uzito wote wa gari, au kuuzidi. Mteja amebadilisha kila kitu isipokuwa ringi, kwa sababu ringi za enzi ile ndizo zinazolipa gari sura yake.

Na mzigo ukipanda, umri haupungui kwa kiasi hichohicho. Kwa maungio yaliyochomelewa, hesabu ya kawaida ya wahandisi ni kwamba umri unapungua kwa mzigo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ongeza mkunjo kwa robo tu, na ringi iliyokuwa idumu misimu minne itadumu miwili. Ndiyo maana mtu anayekuambia "ringi hizi zimekaa miaka hamsini hazijafanya kitu" anakuambia habari za matairi ya miaka hamsini iliyopita.

Kuna jambo lingine ambalo liko wazi mno hata watu wanalipita. Viwanja vingi vya Uingereza vinazungukwa kwa mwelekeo wa saa, kwa hiyo kona nyingi ni za kulia, na upande unaoelemewa ni wa kushoto. Mallory Park kuna kona inaitwa Gerards, ndefu, ya kulia, dereva anaingia na kubaki ndani yake hadi unaweza kumaliza sentensi. Muda wote huo gurudumu la mbele kushoto linakunjwa. Ringi tunazozitupa pale gereji, nyingi zilikuwa kushoto. Mtu asiyeandika ringi ipi imekaa wapi hawezi kuliona hili, ataona tu kwamba ringi zinapasuka ovyo.

Sisi tunaandika. Kila ringi ina namba, imeandikwa kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa pete. Kwa rangi, nasisitiza. Nimewahi kuletewa seti nzima ambayo fundi mmoja alikuwa amezigonga namba kwa muhuri wa chuma kwenye sahani, katikati ya tundu na tundu, nadhifu kabisa. Kila alama ya muhuri ni kidonda, na mahali pale ndipo ringi inapoteseka kuliko kote. Daftari letu lina namba, nafasi, tarehe, na saa za uwanjani. Baada ya kila mashindano, ringi za kushoto zinakwenda kulia na za kulia zinakuja kushoto, na zikifika misimu miwili ya kukimbia kwa nguvu zinashuka kwenye gari, hata kama hazina ufa. Kuna wateja wanaoguna. Matairi wanayabadilisha bila kuuliza, mafuta ya breki vilevile, lakini ringi nzima, isiyo na alama, kuiweka pembeni kunawauma. Mimi naihesabu ringi ya chuma ya gari la mashindano pamoja na vitu vinavyoisha.

Lakini umri wenyewe unategemea sana jinsi ringi ilivyofungwa. Hapa nina kisa cha Sprite moja ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, dereva mtaratibu kuliko wateja wetu wote. Gari lake lilikuwa linakula ringi za nyuma kushoto. Za mbele zilikuwa nzima, na hiyo peke yake ilikuwa kinyume cha kawaida. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameambiwa kwingine kwamba anapanda kingo za uwanja, kwamba ringi alizonunua ni mbovu, kwamba ekseli imepinda. Alikuwa ameshabadilisha ringi, akabadilisha na ekseli, na ufa ukarudi.

Kijana wetu mmoja wa mafunzo ndiye aliyelifungua fumbo, na alilifungua kwa rangi ya kucha. Kila ringi ya gari lile ilipovuliwa, alikuwa anatia doa kwenye tundu lililokuwa linakaa stadi ya juu, na doa jingine kwenye stadi yenyewe. Ringi inaweza kufungwa kwa namna nne, kwa hiyo ukiangalia ringi peke yake ufa unaonekana leo tundu hili, kesho tundu lile. Alipozipanga zote kwa kufuata madoa yake, nyufa ziliangukia mahali pamoja pa dramu ya breki. Kilichokuwa kinapasua kilikuwa kwenye gari, na kilikuwa kinangoja ringi yoyote itakayoletwa.

Tukapaka uso wa dramu ile rangi ya buluu ya kupimia, kidogo sana, tukaweka ringi, tukakaza nati kwa kipimo chake, tukavua. Ringi iliyokaa vizuri inatoka na alama ya buluu sawasawa kuzunguka kila tundu. Hii ilitoka na alama upande mmoja, na katikati ya alama kitone cheusi kilichobonyea. Dramu za magari haya zinashikwa na skrubu zenye vichwa vinavyotakiwa vilale ndani kabisa, uso ubaki bapa. Mtu fulani aliyewahi kulitengeneza alikuwa ameweka skrubu ambayo kichwa chake ni kikubwa kuliko kitako kilichochongwa, kikabaki kimechomoza kiasi cha kusikika kwa ukucha. Nati zilikuwa zinaivuta sahani ikunjike juu ya kichwa kile. Ringi ilikuwa imeshakunjwa kabla gari halijawashwa, na kila mzunguko ulikuwa unaongezea juu ya mkunjo ambao tayari upo. Skrubu ya bei ya pipi. Tulipoibadilisha, tukapitisha jiwe bapa juu ya dramu kuondoa makovu, na gari likaacha tabia ile.

Tangu hapo kila gari linaloingia kwetu, kabla ya ringi mpya, linapimwa uso wa habu. Rula ya chuma inalazwa kukatiza uso wote na tochi inawekwa nyuma yake, mwanga usipite. Kutu iliyoumuka, grisi iliyokauka, rangi ya zamani, ukingo ulioinuka kuzunguka stadi iliyowahi kukazwa hadi ikavutwa, vyote vinasuguliwa. Spesa naziogopa zaidi, zile sahani za alumini watu wanazochomeka ili gurudumu litoke nje kidogo. Ikiwa spesa, au habu ya gari jingine, ina kipenyo kidogo kuliko sehemu ya sahani inayotakiwa kuegemea, basi sahani imebaki hewani pembeni, na ufa unakuja wa mviringo, unafuata ukingo wa hiyo spesa. Ringi ikipasuka hivyo inatoka kama kifuniko cha kopo. Ukiona ufa wa namna hii usiilaumu ringi.

Nati nazo. Sahani ya ringi ya chuma si bapa penye matundu. Imeinuliwa kidogo, ili nati ikiishusha ifanye kazi ya springi na kuishika nati isilegee. Mbele ya nati pamechongoka, panaingia kwenye kikalio cha tundu. Nati za Midget zinataka takriban futi-pauni 45, yaani Nyutani mita 60 na kitu, na za MGB yenye ringi za chuma kati ya 60 na 65, kama Nyutani mita 85. Hivyo ni vipimo vidogo kuliko watu wanavyodhani. Nyumbani tunamjua fundi wa pancha anayepanda juu ya wili spana kwa miguu yote miwili na kurukaruka. Huku Ulaya kazi hiyo inafanywa na bunduki ya upepo, kwa kelele zaidi na kwa matokeo yaleyale. Nati ikikazwa kupita kiasi inakipondaponda kikalio, ule mwinuko unalala, springi imekufa. Kuanzia hapo nati zitakuwa zinalegea zenyewe, na mwenye gari, akiona zinalegea, atazikaza zaidi. Sahani iliyolegea inacheza juu ya stadi, tundu linakuwa la yai, na ufa unaanzia kwenye pembe ya yai hilo.

Kwa hiyo: spana ya kupimia nguvu, ile inayolia ikifika kipimo, nati zinakazwa kwa kukingamana, kwa awamu, gurudumu likiwa halijabeba uzito wote, na zinapimwa tena baada ya mazoezi ya kwanza, ringi zikiwa zimepoa. Nyuzi za stadi zinasafishwa kwa brashi ya waya, hazipakwi mafuta, isipokuwa aliyetengeneza gari amesema zipakwe. Mafuta yanaondoa msuguano, spana inasoma kipimo kilekile huku stadi ikivutwa mno. Na ukikuta nati ileile imelegea kila unapoipima, usiikaze tena. Vua ringi uiangalie.

Rangi ni ugomvi wangu wa kudumu na wateja. Wanapenda rangi ya unga, ile inayookwa tanuruni kwa joto la karibu nyuzi 200, kwa sababu inang'aa na haichubuki. Joto lile haliidhuru ringi ya chuma. Tatizo ni unene. Rangi nene ikibaki kwenye kikalio cha nati na kwenye uso unaogusa habu, inaminywa polepole gari likitembea, na kadiri inavyominywa mkazo wa nati unapotea. Halafu inaficha. Ni laini kiasi cha kujinyoosha juu ya ufa mdogo bila kukatika, na chini yake ufa unaendelea na safari. Mimi nataka praima nyembamba na rangi nyembamba ya fedha au nyeupe, isiyong'aa, na sehemu za kugusana zibaki chuma kitupu kilichopanguswa mafuta kidogo kuzuia kutu. Juu ya rangi nyeupe ufa unajichora wenyewe: maji yanaingia, kutu inatoka, unaona uzi mwembamba wa kahawia. Mteja mmoja alishinda mabishano haya kwa kusema ringi ni zake na pesa ni zake, akazioka nyeusi. Sawa. Tunazichubua katikati kila msimu ukiisha na bili inamfikia.

Ukaguzi wenyewe si kazi ngumu ila unataka ringi iwe imevuliwa na kuoshwa, na hapo ndipo wengi wanapochoka, maana ni Jumapili jioni na trela linasubiri. Nyufa nyingi zinaanza upande wa ndani, unaotazama breki, ambako vumbi jeusi limeganda, na upande wa nje kuna wili kapu. Naangalia kuzunguka kila tundu la stadi, halafu kwenye mkunjo ambapo sahani inainuka kutoka kwenye habu, halafu kingo za matundu ya kupitisha hewa, ambazo zilikatwa kwa shinikizo kiwandani na mara nyingi zina meno, mwisho pale sahani inapokutana na pete. Yale meno kwenye matundu ya hewa nayalainisha kwa tupa ya mviringo na msasa, ni kazi ya dakika chache na inaondoa mahali ambapo ufa ungepata pa kuanzia. Ringi isiyotumia tyubu inasaidia pia: pete ikipasuka, upepo unatoka polepole na mtu anaanza kuuliza. Ringi za ribiti zinalazimika kuwa na tyubu, na tyubu inakaa kimya hadi pete ifunguke.

Macho yana mpaka wake. Mwisho wa msimu tunavua rangi kwa dawa, bila kupiga mchanga kwa nguvu, kwa sababu mchanga unaweza kuuziba mdomo wa ufa ukauficha. Kisha tunapuliza dawa nyekundu inayopenya, tunangoja kama robo saa, tunafuta kwa kitambaa, tunapuliza unga mweupe juu, na penye ufa nyekundu inarudi juu kama mstari. Kwa chuma kuna kipimo cha sumaku kilicho kikali zaidi, ringi inatiwa usumaku na unga wa chuma unajikusanya penye ufa, lakini hicho tunakipeleka kwa wenye vifaa.

Nilikuwa nampigia baba mdogo simu habari hizi za dawa nyekundu, na bei ya kopo lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo dawa yenu ya kopo, inafanya nini ambacho mafuta ya taa na chaki haviwezi?"

Kabla ya kufungua gereji alifanya kazi karakana ya reli pale Tanga, na kule alirithi njia iliyotumika kwenye reli nyingi duniani kabla ya kipimo cha sumaku kuenea. Chuma kinaoshwa, kinalowekwa kwenye mafuta mazito yaliyolainishwa kwa mafuta ya taa, kinaachwa, kinafutwa hadi kikauke, kisha kinapakwa chaki iliyokorogwa kwenye spiriti. Spiriti ikishakauka unakigonga kwa nyundo ndogo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Niliijaribu njia hiyo kwenye ringi ambayo tulishajua ina ufa, na mstari ukatoka. Haionyeshi nyufa ndogo sana kama dawa ya kopo inavyoonyesha, lakini mtu aliyeko Korogwe mwenye Land Rover ya zamani ana mafuta ya taa na chaki leo hii, na hiyo inatosha kumpa jibu la maana.

Tukabishana, kwa adabu, kuhusu jambo moja. Yeye ni mpenzi wa Safari Rally tangu enzi za Datsun 240Z, iliyoshinda 1971 na Edgar Herrmann na tena 1973 na Shekhar Mehta, na hoja yake ni kwamba magari yale yalipigwa kwenye mashimo siku nzima na ringi zikanyooshwa kwa nyundo usiku.

"Mbona hazikupasuka hizo sahani zenu?"

"Baba, kwenye vumbi tairi linateleza. Sahani inapumzika, pete ndiyo inayopigwa. Huku kwenye lami pete iko salama, sahani ndiyo inayokunjwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo maana Land Rover zake zinapinda ukingo lakini lori lililobeba mkonge kwenye lami ndilo lililowahi kumpasukia katikati. Kwa upande wa kuchomelea hatukuafikiana upesi. Pale kwake ufa unachomelewa, unapitishwa grenda, unapakwa rangi. Nilimwambia kwamba ufa ukichomelewa, chuma kilicho kando ya mchomeo kinabadilika kwa joto, kinabaki na mvutano ndani yake, na ufa mpya unaanzia pembeni ya kiraka. Kutoboa tundu kwenye ncha ya ufa ili kuusimamisha kunafaa kwenye bodi ya gari, kwenye sahani ya ringi hakufai. Hata zile bamba za kuimarisha ambazo baadhi ya watu wanaziongeza kuzunguka matundu ya stadi, zinahamisha tu mahali pa kupasukia kutoka kwenye tundu hadi kwenye ukingo wa bamba, isipokuwa zimefanywa na mtu anayejua anamalizia wapi mchomeo wake. Akanijibu kwamba mteja wake akikosa ringi hiyo gari linalala, na watoto wa mteja hawaendi shule. Sina jibu la hilo kutoka Midlands. Nilimwomba tu zile alizochomelea azifunge nyuma, kwenye gari la mizigo ya pole, asizifunge mbele.

Kwa wanaonunua: ringi za zamani zinauzwa kwenye masoko ya spea, lililo kubwa ni lile la Beaulieu kule Hampshire, na ringi ninayoiogopa kuliko zote pale ni ile iliyopakwa rangi mpya nene kwa ajili ya kuuzwa. Yenye kutu ya juujuu naweza kuiosha nikaisoma. Kutu iliyochimba mashimo naiacha, kila shimo ni mwanzo wa ufa. Naizungusha kwenye habu kuona kama pete imenyooka, naangalia kama matundu bado ni mviringo, na naigonga kwa kifundo cha spana ikiwa imening'inia bila tairi: nzima inalia, yenye ufa mkubwa inatoa sauti butu. Kipimo hicho hakitoshi kuikubali ringi, kinatosha kuikataa. Na bora kuliko zote, pale ambapo kanuni za mashindano zinaruhusu, ni ringi mpya zilizotengenezwa kwa vipimo vya zamani na sahani nene zaidi. Kanuni nyingi za magari ya kihistoria zinabana aina na upana wa ringi, kwa hiyo soma kabla ya kununua.

Ringi zilizokufa tunazikata. Zamani zilikuwa zinawekwa nyuma ya gereji ziwe za kusukumia gari lisilo na tairi, na ringi ya kusukumia ina tabia ya kurudi mashindanoni siku mtu ana haraka. Yule mwalimu mstaafu aliniomba moja ya zake, atengenezee kizungushio cha bomba la kumwagilia bustani. Nilimpa, baada ya kupitisha grenda kwenye matundu yote manne.